Tulimwepusha na Moto na Maji

Watu wa mtaa wetu walikuwa na hakika kwamba mke wangu amenilisha limbwata. Ushahidi walikuwa nao. Kila alfajiri, kabla sijaenda kazini, mimi mwanamume mzima ndiye niliyewasha moto nyumbani, nikapika uji, nikapika na chakula cha mchana, kisha nikashuka ziwani na madebe mawili kuchota maji. Mke alikaa mkekani akishona kofia. Wanawake waliopita mlangoni walikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayetaka ujue kwamba amekuona. Wanaume walinisalimu, "Bwana mpishi, habari ya jikoni?" wakacheka. Nilikuwa mtu wa hasira, na bado ni mtu wa hasira ingawa nguvu ya kuitumia imeniishia. Lakini kwa hilo niliumeza ulimi wangu. Afadhali limbwata kuliko ukweli.

Ukweli ni kwamba mke wangu alikuwa na kifafa, na katika Kisumu nzima tulioujua tulikuwa wawili, yeye na mimi. Wa tatu alikuwa mama yake mzazi, aliyekaa mbali, upande wa Katito, na huyo sikuruhusiwa kuzungumza naye.

Hapo inanibidi nieleze. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani aliyefika na wajenzi wa reli, akaliona ziwa, akamwona na mama yangu, safari yake ikakomea hapo. Mama alikuwa Mjaluo. Kwa hiyo mimi nilisali kwa upande wa baba na kuogopa chira kwa upande wa mama. Chira ni ile laana inayomkondesha mtu aliyevunja miiko mpaka akaisha, na hakuna mwiko mzito kama wa mama mkwe. Mama mkwe haingii chumba chako. Hali kwako. Hakitazami kitanda anacholalia binti yake. Wewe nawe humtazami usoni, na mkikutana njiani mmoja wenu anapisha majanini. Mambo ya chumbani ndiyo kabisa hayatajwi kati yenu, hata kwa mafumbo. Siku zote za posa, ng'ombe wanakwenda na wazee wanarudi, mama mkwe nilimwona mgongo tu.

Wiki ya tatu baada ya harusi nilirudi kutoka kazini nikamkuta bibi arusi wangu ameanguka kwenye mafiga. Chungu kilikuwa kimepinduka na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya makaa. Nilimvuta. Ndipo mwili ulipoanza kugongagonga sakafu, macho yamegeuka meupe, povu linamtoka, nami nikamwachia nikakimbilia mlangoni. Tulikuwa tumelelewa tukiambiwa kwamba povu lile likikugusa, na wewe utaanguka siku zako zote. Basi nilisimama mlangoni kama mwizi nikimwangalia mke wangu akitapatapa mpaka ikaisha yenyewe. Sijisifu kwa hilo.

Alipopata fahamu akaniambia yote. Alikuwa nacho tangu anajifunza kutembea. Mama yake alikificha, akawaambia watu ni homa, na siku ya kumtoa alimwagiza asifungue mdomo mpaka awe amezaa watoto wawili. Mimi nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona tena. Nimeuziwa mbuzi ndani ya gunia! Nililitoa sanduku lake nikaliweka nje ya mlango, nikamwambia kesho asubuhi anakwenda kwao. Alikuwa amekaa chini, mkono ameufunga kitambaa chenye samli. Akaniangalia.

"Sawa, Bwana," akasema. "Lakini sanduku nitalibeba kwa mkono upi?"

Ilikuwa kweli. Nikasema basi, mkono upone kwanza. Mkono ulichukua zaidi ya mwezi kupona, na katika mwezi ule alinichekesha mara nyingi mno. Siku moja nilirudisha sanduku ndani nikasingizia mvua. Hatukulizungumza tena.

Alinitaka ahadi moja tu. Nyumbani kwao kulikuwa na wasichana wawili waliomfuata. Nyumba ikishajulikana kuwa ina ndulme, ndivyo Wajaluo wanavyokiita kifafa, hakuna mtu anayepeleka ng'ombe pale. Nisimwambie mtu, akasema, hata mama yangu. Niliapa. Watu wanaapa kirahisi sana wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

Kila mtu anajua kwamba mwenye kifafa huuawa na moto au maji. Ndivyo tulivyoambiwa na ndivyo tulivyowaona wakifa: huyu ametumbukia jikoni, yule ameanguka ziwani akifua, maji yamefika magotini tu. Kwa hiyo mimi nilipiga marufuku hivyo viwili. Asikoke moto. Asishuke ufukoni, asiiname kisimani, hata kuoga aogee kibakuli kimoja kimoja. Nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa reli, kule juu mlimani, na nyumba hizi mbili nilizipikia zote mbili, mchuzi wa huku na mchuzi wa kule. Kwa Wazungu nikimaliza chakula cha mchana nilikuwa na nafasi mpaka saa ya chai. Wapishi wenzangu walijilaza kivulini. Mimi nilishuka mbio mpaka mtaani, nikamwangalia, nikala naye tonge mbili tatu, nikapanda tena kilima na jua la Kisumu utosini.

Nilichoka. Sina neno zuri zaidi la kulisema jambo hili. Nilichoka miaka sita. Nikiwa kazini masikio yangu yalikuwa nyumbani, kila mtu aliyekuja anakimbia barabarani nilidhani anakuja kwangu. Usiku nilianguka kitandani nikalala kama gogo. Zile degedege za usingizini zilikuwepo, mara moja moja nikiamka asubuhi nilikuta mto umelowa na yeye anaumwa mwili mzima, lakini hizo sikuzihesabu. Mtu yuko kitandani tayari, ataangukia wapi?

Povu nililizoea. Nilijifunza kumshika kichwa, kumwekea mwiko kati ya meno kama nilivyosikia kwamba inafaa, na siku moja kwa papara nilimvunja jino la mbele. Nililia kuliko yeye. Alikuja kulitumia pengo lile kunisimanga: nikimkataza jambo alicheka wazi ili nilione. Ikishapita, kazi yangu ya pili ilikuwa kufuta. Nilimfuta uso, nikambadilisha nguo, nikatandika shuka nyingine, nikatia ile chafu ndani ya maji, yote upesi, mlango umefungwa, ili jirani akibisha asione kitu. Mikono yangu iliifanya kazi hiyo bila kuniuliza. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, akanywa maandishi yale ya zafarani miezi mingi, tukamwambia mwalimu ni kwa ajili ya mtoto, kwa kuwa watoto pia hatukujaliwa. Hospitali hatukwenda. Mpima dawa pale alikuwa mtu wa mtaani kwetu na mdomo wake haukuwa na mlango.

Sitaki ionekane kama tuliishi kwa huzuni. Alikuwa mtu wa utani. Nikichelewa na kukuta maharagwe yameshika chini ya sufuria aliniuliza kama Wazungu nao huwa nawalisha makaa. Alijua majina ya mabaharia wote wa meli za ziwani na nani kamkosea nani, na alikuwa amekaa tu mkekani, hajaenda popote. Kofia zake zilivaliwa mpaka Usenge. Nilimpenda, nami nilimchoka, na hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu bila kugombana.

Mwaka wa sita kulikuwa na harusi mtaani. Aliniomba aende ngomani, nikasema hapana, akacheka ili nilione pengo, nikasema haya. Alikesha siku mbili. Siku ya tatu asubuhi macho yalikuwa mekundu lakini uso wake ulikuwa na furaha, akaniimbia wimbo mmoja wa matusi waliouimba wanawake, nami nikampikia ngege, samaki wa ziwani, kwa nazi, nikafunika sufuria, nikaenda zangu kazini.

Mchana Bwana alikuwa na wageni, kwa hiyo nilichelewa kidogo. Nilipoingia nyumbani kulikuwa kimya. Alikuwa kitandani, amelala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia, na nywele zimemfunika shavu. Sufuria ilikuwa imepungua kidogo. Ameshakula, nikasema moyoni, na amelala, amelipa deni la usingizi wa ngoma. Na hapa niseme kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nilivua viatu. Nilikaa kwenye kiti cha kamba, nikaegemeza kichwa ukutani, nikasikiliza ule ukimya, na sikuwa na jambo la kufanya. Nikalala. Nililala vizuri, usingizi mtamu ambao sikuwa nimeulala tangu nioe. Adhana ya alasiri ndiyo iliyoniamsha, nikaona nimechelewa chai ya Bwana, nikamtikisa bega nimuage.

Alikuwa amepoa. Nilimgeuza. Uso ulikuwa umekaa ndani ya mto, na mto ulikuwa umelowa povu lenye damu kidogo ya ulimi.

Nilichokifanya baada ya hapo si akili iliyokifanya. Nilimfuta uso. Nilimfuta vizuri, mdomo, pua, kidevu. Nilimvua gauni nikamvika jingine. Niliuondoa mto, nikatoa shuka, nikatandika safi, nikaitumbukiza ile chafu kwenye debe la maji na kuikamua. Nilimlaza chali, nikamfumba macho. Kisha nikafungua mlango nikapiga kelele.

Wa kwanza kuingia alikuwa bibi jirani yetu, mkosha maiti wa wanawake wa mtaa, mtu mzima mwenye maneno machache. Nyuma yake wakaja wote. Na kabla ya magharibi akafika baba mdogo wa marehemu, mdogo wake baba yake, aliyekuwa mchukuzi wa mizigo gatini tangu ujana wake. Yule alimpenda sana binti ya kaka yake, hilo simnyimi. Aliingia, akamwangalia, akaangalia shuka safi kitandani, akaangalia debe lenye shuka inayodondosha maji, akaangalia sufuria. Akatoka nje kwa watu.

"Wazee," akasema, "hii mtoto ilikuwa mzima. Jana anacheza ngoma, nyinyi nyote iliona. Leo imekufa. Nani ilipika chakula? Yeye. Siku zote yeye anapika, hata bibi yake hawezi kugusa sufuria. Sasa mtu imekufa, yeye kwanza anafua shuka, ndiyo anaita watu. Mimi nauliza tu. Mwanamume gani anafanya hivyo?"

Nilitazama nyuso zile, watu niliosali nao, nikaona wote wameshajibu. Kikulacho ki nguoni mwako, mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika.

Hasira ilinipanda. Niliingia ndani, nikaitoa ile sufuria, nikakaa katikati yao nikaanza kula kwa mkono. Nilikula ngege yule aliyepoa mpaka miiba, mke wangu amelala ndani maiti, na machozi yanaingia kwenye nazi. Nilipomaliza nikaigeuza sufuria waione. Wakatazamana. Wakasema mwenye sumu hakosi kinga yake.

Mzee wa mtaa hakuwa mtu mbaya, alitaka tu jambo lile limtoke mikononi. Akasema hakuna mazishi. Mama wa marehemu ataletwa, na asubuhi maiti itapelekwa kwa daktari wa serikali ipasuliwe tumbo, nami nitapelekwa bomani kujibu. Kwetu kupasua maiti ni kumuua mtu mara ya pili. Akaniwekea askari barazani.

Neno moja lingeniokoa na lingemwokoa yeye na kisu. Kifafa. Nililigeuzageuza mdomoni. Lakini niliapa, na nyumbani Katito kulikuwa na wasichana wawili. Na hata nikilisema, nani angeniamini? Miaka sita hakuna aliyeona kitu, mimi mwenyewe nilihakikisha hawaoni, na hata povu la mwisho nililifuta kwa mikono yangu. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, mama yake. Akikana, nitakuwa nimemuua mtoto wake na kumtukana juu yake. Mimi ningekuwa yeye, ningekana.

Alifika asubuhi na lori la Singasinga mmoja aliyekuwa akileta mahindi mjini. Wale mabinti wawili alikuja nao. Mkubwa alikuwa na umri wa kuolewa, washenga walikuwa wameshafika kwao mara mbili, hilo mke wangu alinisimulia kwa furaha mwezi uleule. Watu walikuwa wamejaa uani. Mama mkwe hakuingia nyumbani. Alikaa chini kwenye mchanga, mbali, amenipa mgongo kama ilivyo desturi, nami nikageukia ukuta. Kwa hiyo yaliyotokea niliyasikia zaidi ya kuyaona.

Shemeji yake, yule baba mdogo, akamweleza yote kwa Kijaluo: chakula, shuka, sufuria. Akamaliza kwa kumuuliza, mbele ya watu wote, "Mtoto wako alikuwa na ugonjwa wowote?"

Alinyamaza. Nilihesabu pumzi zangu. Punda alipita barabarani na mkokoteni, nikasikia magurudumu yake mpaka yakapotea, na bado alikuwa amenyamaza. Nikajua amekana. Sikumlaumu, nataka hilo lieleweke. Nilianza kufikiri nani ataniletea nguo bomani.

"Alikuwa na ndulme," akasema.

Nilisikia miguu ikirudi nyuma mchangani.

"Tangu ananyonya. Nilimficha kwa watu wote. Nilikuficha wewe, shemeji, nikamficha na huyu aliyemwoa. Huyu alipogundua angeweza kumrudisha, na ng'ombe wangerudi, na mimi ningenyamaza. Hakumrudisha. Alipika yeye ili mtoto wangu asiungue. Alichota maji yeye ili asizame. Nilikuwa nikiambiwa sokoni kwamba mkwe wangu anafanya kazi za wanawake, watu wanacheka, nami nacheka nao, kisha nakwenda nyumbani nalia kwa shukrani. Ninyi mnamtafutia kamba."

Hata kunitetea, alinitetea akiwa amenipa mgongo.

Niligeuka. Watu walikuwa wamerudi nyuma hatua tatu nne, kana kwamba ugonjwa ulikuwa bado unapumua mle ndani. Wanawake wawili waliokuja kusaidia kuosha walichukua leso zao wakaondoka bila kuaga. Yule binti mkubwa alikuwa amesimama kando ya lori, ameinamisha kichwa, na mdogo wake alimshika mkono. Walikuwa wamesikia kama kila mtu alivyosikia. Kabla ya jua kuzama neno lilikuwa limefika Katito, maana dereva wa lori naye ana mdomo. Washenga hawakurudi. Mkubwa aliolewa miaka mingi baadaye, na mgane mmoja mkata miwa upande wa Muhoroni. Mdogo hakuolewa.

Mzee wa mtaa akasema basi, hakuna haja ya daktari. Baba mdogo hakuniomba radhi. Alikwenda kushika jembe, akachimba kaburi yeye mwenyewe, hakumpa mtu zamu. Jirani mmoja akanisogelea akaniambia, "Mficha maradhi kilio humfichua," kwa sauti ya mtu aliyeitunga methali ile asubuhi hiyo. Nilitaka kumpiga kofi. Nilikuwa nimechoka mno kuinua mkono.

Bibi mkosha maiti alibaki. Akauliza nani atamwagia maji. Hakuna aliyesogea. Mama mkwe akainuka mchangani, akakunja nguo yake, akaingia. Mtu akaguna kwamba yule si Mwislamu. Bibi akamwambia mtu huyo kama yeye ni Mwislamu aje ashike kata. Mlango ukafungwa. Tulimzika baada ya adhuhuri.

Siku ya tatu tulisoma hitima. Nani alipika? Nilipika mimi. Safari hii hakuna aliyekohoa. Jiko langu lilikuwa kibanda cha udongo kilichoegemea nyumba, nami nilikuwa ndani peke yangu nakaanga vitunguu, machozi yana kisingizio, niliposikia mtu anakaa chini upande wa pili wa ukuta. Akakohoa. Nikaijua sauti.

"Wewe uliye jikoni," akasema. Jina langu hakuweza kulitaja.

"Nakusikia, mama."

"Lori la kurudi Katito linaondoka sasa hivi. Nina neno, na ni neno la aibu, usinijibu mpaka nimalize."

Nikauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Ya moto na ya maji nilijua atakwambia mwenyewe, hayo alikuwa anayajua. Lakini za usingizini hakuzijua. Mtu hajioni akilala. Zikimjia usingizini humgeuza kifudifudi, uso unazama, na yeye hana nguvu ya kuutoa. Mimi nililala naye ngozi moja tangu mdogo mpaka mlipomchukua, mkono wangu uko mgongoni mwake. Mgongo ukitetemeka, naamka, namgeuza. Sijui nilimgeuza mara ngapi. Siku mlipomchukua neno hili lilikuwa kooni. Lakini kulisema kabla ni kuvunja ndoa. Na baadaye, mama gani atamtumia mkwe wake habari ya namna ya kulala na binti yake? Nikasema ataona mwenyewe. Miaka sita nasema ataona mwenyewe."

Vitunguu vilianza kuungua. Niliitoa sufuria motoni nikaiweka chini.

"Sasa niambie," akasema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Watu wanasema wamemkuta chali, lakini najua ulimlaza wewe. Wewe ulipoingia, kabla hujamgusa, alikuwa amelalaje?"

Huyu ndiye aliyewatoa sadaka binti zake wawili kwa ajili yangu, mbele ya mtaa mzima, siku tatu tu zilizopita. Nilishukuru kwamba kulikuwa na ukuta na hakuweza kuniona uso.

"Ubavu, mama," nikasema. "Ubavu wa kulia. Mkono ameuweka chini ya shavu."

"Uso ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi kabisa. Ulikuwa umeelekea mlangoni."

Nilimsikia akivuta pumzi, akaitoa pole pole, kisha akavuta nyingine. Honi ya lori ikalia barabarani.

"Basi ni Mungu," akasema. Akainuka akajikung'uta mchanga, akaenda zake.